Wakili akijificha mtandaoni, soko linabaki kwa kishoka

KWA kawaida ukurasa huu huanza na mizigo: kabichi za Lukozi, viazi vya Mlalo, karoti na hoho za Soni, na habari za Fuso zilizoshuka Mombo usiku zikakuta Kariakoo imefurika au imekauka. Bei ziko mahali pake, chini ya ukurasa. Hapa juu, kwa ruhusa yako ndugu msomaji, wiki hii tunataka kupima bidhaa nyingine ambayo mkulima na mfanyabiashara wa Usambara anaihitaji karibu kila msimu, anainunua bila kujua bei yake, na mara nyingi anauziwa isiyo halisi. Bidhaa hiyo ni huduma ya wakili.

Kilichotufikisha huko ni hoho. Mkulima mmoja wa upande wa Malindi, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, alikuwa akimpelekea mzigo mnunuzi wa Dar es Salaam kwa mkataba wa kurasa nne ulioandikwa kwa Kiingereza. Mara mbili za kwanza alilipwa bila matatizo. Mara ya tatu aliambiwa mzigo ulioza njiani. Mara ya nne simu haikupokelewa, na ya tano haikuita kabisa. Mzee huyo alipoamua kudai haki yake alifanya kile ambacho siku hizi hufanywa na kila mtu: alimpa mjukuu wake simu akamwambia, "Nitafutie wakili hapo Lushoto."

Kijana akaandika maneno mawili, wakili na Lushoto. Zikaja kurasa za makampuni ya uwakili ya Dar es Salaam, zote kwa Kiingereza, zenye picha za maghorofa na mabwana wenye suti waliokunja mikono, zikijieleza kuwa ni wabobezi wa madini, mafuta, kodi za kimataifa na kuunganisha makampuni. Kikaja chuo cha serikali. Ikaja na hoteli ya watalii. Wakili aliyepo Lushoto penyewe, mwenye ofisi, meza na kiti cha mteja, hakuonekana hata mmoja.

Wiki hiyohiyo akaonekana mtu mwingine, na huyu hakuhitaji kutafutwa. Alimfuata mzee mwenyewe stendi, mkoba wa ngozi mkononi, akamwambia amesikia ana shida ya kesi. Alichukua shilingi laki tatu "za kufungua jalada," akaandika stakabadhi kwenye kitabu kinachouzwa duka lolote la vifaa vya shule, na tangu siku hiyo jalada hilo halijaonwa na mtu. Mitaani mtu wa namna hii anaitwa wakili kishoka. Kufanya kazi ya uwakili bila sifa ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, lakini kishoka ana jambo moja ambalo wakili halali hana: anapatikana.

Hapo ndipo ilipo hoja ya ukurasa huu. Soko la huduma za sheria katika milima hii lina wanunuzi wengi na wauzaji halali wachache wanaojificha, tena wanajificha kwa heshima, kwa kudhani kuwa kuonekana ni aibu. Katika soko huria, muuzaji akijificha mnunuzi haendi nyumbani kulala. Anakwenda kwa mlanguzi.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa sababu Lushoto si mji mgeni kwa mambo ya sheria. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, ambacho kimefundisha makarani wa mahakama na watu wengine wa sheria walioenea nchi nzima. Mtu akipanda kutoka Mombo, kilomita zipatazo 33 za kona na mabonde, hufika katika mji ambao vijana wenye vitabu vya sheria kwapani ni wengi kuliko wauza pichesi. Hata hivyo mkulima wa Malindi hawezi kumpata wakili kwa simu.

Desturi ya Mwingereza

Tuwatendee haki mawakili. Hawajifichi kwa uvivu. Taaluma yao tuliirithi kwa Mwingereza, na Mwingereza aliamini kwamba wakili muungwana hajinadi. Jina lake likae kwenye kibao kidogo cha shaba mlangoni, mengine yafanywe na sifa ya kazi. Sababu zilizotolewa si za kupuuzwa: wakili ni ofisa wa mahakama kabla ya kuwa mfanyabiashara, akiruhusiwa kujinadi atachochea kesi zisizokuwepo, atajigamba kwa ushindi usio wake, na mwenye fedha za matangazo atammeza mwenye ujuzi.

Lakini Mwingereza mwenyewe aliiacha desturi hiyo. Tangu 1984 mawakili wa Uingereza wanaruhusiwa kujitangaza. Marekani ilitangulia. Mwaka 1976 mawakili wawili vijana wa Phoenix, jimbo la Arizona, John Bates na Van O'Steen, walitoa tangazo gazetini wakitaja bei za kazi za kawaida. Talaka isiyo na ubishi, kwa mfano, ilikuwa dola 175. Chama chao kiliwaadhibu. Mwaka 1977 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba kuwazuia kabisa kutangaza huduma na bei kunakwenda kinyume na uhuru wa kutoa habari. Tunaomba msomaji ashike neno hilo la bei. Tangazo lililozua ugomvi halikuwa la kujisifu. Lilikuwa orodha ya bei, kama ile iliyopo chini ya ukurasa huu.

Jirani zetu wa Kenya walifika hapo baadaye. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri lililofunguliwa na Okenyo Omwansa George na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliona kuwa katazo la jumla la mawakili kujitangaza linagongana na Katiba ya 2010, ambayo inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji. Mwaka 2014 zikatoka kanuni za kuruhusu wakili kujitangaza kwa masharti. Angalia hapo: haki iliyowekwa mbele ilikuwa ya mteja. Swali halikuwa kama wakili anastahili kujigamba, bali kama mwananchi anastahili kujua wakili yuko wapi na anafanya nini.

Kwetu Tanzania, Kanuni za Mwenendo na Maadili ya Mawakili zilizotolewa mwaka 2018 bado zinamwekea wakili mipaka katika kujitangaza, na anayevuka anaweza kujikuta mbele ya Kamati ya Mawakili. Kwa hiyo wakili mdogo wa wilayani, asiye na muda wa kupima mstari uko wapi, huchagua njia ya salama. Hafanyi lolote. Makampuni makubwa ya mjini yenye watu wa kuwashauri yana tovuti nzuri, yanaandika makala, yanaonekana. Kwa maneno mengine, woga huu unamlinda yule ambaye hakuhitaji ulinzi.

Mpiga debe na kibao cha basi

Aliyewahi kushuka Mombo anajua tofauti tunayotaka kuieleza. Ukitoka kwenye basi la Arusha au la Dar es Salaam, kabla mguu haujagusa chini, begi lako limeshashikwa na watu wawili. Kila mmoja anaapa gari lake ndilo linaloondoka sasa hivi, na ukipanda unakuta abiria wanne na dereva hayupo. Huyo ni mpiga debe, na kama kuna desturi ambayo hatutaki iingie kwenye taaluma ya sheria ni hiyo. Lakini pembeni kuna gari lenye kibao kwenye kioo: Soni, Lushoto, Mlalo. Kibao hakikamati mtu. Kinamwambia anayekwenda Mlalo kwamba hili ndilo la Mlalo. Hakuna askari wa usalama barabarani aliyewahi kukamata gari kwa kosa la kuandika linakokwenda, anakamata lisiloandika.

Tovuti ya wakili ni kibao cha basi. Mtu anayeifikia ndiye aliyeanza safari: ana shida, ameandika maneno kwenye simu, anatafuta. Ni tofauti kabisa na wakili anayewatumia ujumbe wa simu watu ambao hawakumwomba, au anayetuma vijana hospitalini baada ya ajali ya basi kuwasainisha majeruhi.

Na kwa kuwa tumetaja ujumbe usioombwa, kuna kisa ambacho wanaojua historia ya intaneti hukikumbuka na ambacho wanasheria hawapendi kukumbushwa. Aprili 1994 mume na mke waliokuwa mawakili huko huko Phoenix, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja kwenye mabaraza ya majadiliano ya mtandaoni zaidi ya 5,000, liwe la wapenda muziki au la wataalamu wa kompyuta, wakitoa huduma ya kujaza maombi ya bahati nasibu ya Green Card, ile ile ambayo vijana wetu wengi wameshawahi kuijaribu. Maombi yenyewe hayakuhitaji wakili. Dunia ya mtandao ya wakati huo iliwaka moto. Mwaka 1997 Canter alifutwa kwenye orodha ya mawakili wa jimbo la Tennessee, na tangazo hilo likiwa mojawapo ya sababu. Basi tusidanganyane: takataka za matangazo zinazojaza simu zetu leo zilipata mwanzo wake mkubwa kwa mawakili. Wazee wanaoogopa wana kitu cha kuogopa. Tunachosema ni kwamba dawa ya mpiga debe haijawahi kuwa kubandua vibao vya mabasi.

Mteja anaandika maneno yapi

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana kuna wakili atakayesoma hapa akasema, "Sawa, nitatengeneza tovuti," kisha atoe mamilioni kwa kijana wa mjini na bado mzee wa Malindi asimwone.

Mtambo wa kutafutia, Google au mwingine, unafanya kazi kama karani wa masijala mwenye bidii lakini asiye na huruma. Unatafuta kurasa zenye maneno yaliyoandikwa na mtafutaji, unaangalia mahali alipo, unaangalia kurasa zipi nyingine zinaitaja ile, kisha unapanga. Mkulima haandiki maneno ya chuo kikuu. Anaandika yaliyo mdomoni: jirani kaingia shambani kwangu, mirathi mahakama ya mwanzo, mtu hataki kulipa deni, mume kauza shamba bila mimi kujua. Ukurasa ulioandikwa kwa Kiingereza kuhusu utatuzi wa migogoro ya kibiashara hautakutana na mtu huyu maisha, hata kama umetengenezwa kwa bei ya gari.

Kwa hiyo la kwanza ni lugha. Mapema mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka imepita, lakini tovuti za uwakili nyingi bado zinazungumza na mwekezaji anayeshuka uwanja wa ndege. Hatuna ugomvi na mwekezaji. Ila katika wilaya ambayo kesi zake ni mipaka ya shamba, mirathi, ndoa na mizigo isiyolipwa, kuandika kwa Kiingereza peke yake ni sawa na kupeleka matenga ya nyanya kwenye mnada wa ng'ombe.

La pili, na hili ndilo lenye uzito, ni kujibu swali kabla ya kuomba fedha. Chukua mfano wa muda. Mtu aliyeshindwa kesi mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Dai la mkataba lina miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Hizi si siri za ofisi, zimo kwenye sheria. Lakini mzee anayezungushwa na kishoka hazijui, na siku 30 huisha kimya kimya, wakati kila Jumatatu anaambiwa jalada liko kwa hakimu. Wakili akiandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye kichwa "Umeshindwa mahakama ya mwanzo? Hesabu siku zako," atakuwa amefanya mambo mawili kwa pamoja: amemwokoa mtu na amejitangaza, bila kutamka hata neno moja la kujisifu. Sioni Kamati gani itakayomwadhibu mtu kwa kuwaeleza wananchi sheria ya nchi yao.

Na soko hilo limekua. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, na ndiko mirathi nyingi za watu wetu, za Kiislamu na za kimila, zinakofunguliwa. Marekebisho ya mwaka 2021 yalimfungulia mlango pale ambapo mahakama hiyo inaongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yalipunguziwa nguvu katika kesi za ardhi yakabaki na kazi ya kusuluhisha. Maana yake katika lugha ya soko ni kwamba mahitaji ya wakili yamepanda kutoka makao makuu ya wilaya hadi vijijini. Ugavi haujafuata. Nani amewaeleza watu wa Mtae na Rangwi kwamba mambo yamebadilika? Vishoka wanajua, na wanalitumia.

La tatu ni mahali. Kuandikisha ofisi kwenye ramani ya Google hakuna ada. Unataja jina la ofisi kama lilivyo kwenye kibao, namba ya simu inayopokelewa, saa za kazi, na alama ambayo mtu wa Lushoto anaifahamu. Si lazima mtaa na namba ya kiwanja. "Ng'ambo ya soko, ghorofa ya juu ya duka la pembejeo" inatosha. Jina na namba viwe vilevile kila mahali vinapotajwa, kwa sababu karani yule wa mtambo akikuta namba tatu tofauti huacha kuamini zote. Hapa wakili mdogo wa wilayani ana faida ambayo kampuni kubwa ya mjini hainunui kwa fedha: yupo karibu, na mtambo hupenda aliye karibu. Wanaosema mtandao utawameza wadogo hawajaangalia upande huu.

La nne lisichukue muda: ukurasa uwe mwepesi. Yule kijana wa Malindi ana kifurushi cha siku moja na mtandao unaokuja na kuondoka kulingana na ukungu. Picha ya ghorofa inayokula bando lake lote kabla namba ya simu haijafunguka ni tusi.

Lumbesa ya maneno

Tunawajua wasomaji wetu. Mara tu wakili wa Lushoto akianza kuulizia tovuti, atapigiwa simu na kijana anayemwahidi ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki mbili. Hakuna mtu aliye nje ya Google anayeweza kuahidi hivyo kwa uhakika. Anachofanya huyo ni lumbesa: anajaza ukurasa maneno wakili, wakili bora, wakili Lushoto, wakili Tanga, mara mia moja, gunia linatuna juu kama kilemba, na ndani hakuna kitu. Wengine hununua sifa za kubuni, nyota tano kutoka kwa watu wasiowahi kufika Soni. Mitambo ilishajifunza kuitambua michezo hiyo, na huushusha ukurasa kama vile mzani wa wakala wa vipimo unavyomuumbua dalali. Na kwa wakili adhabu haiishii kwenye mtambo. Sifa ya uongo ni suala la maadili.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Kama wakili halali anaweza kuweka ukurasa, hata kishoka anaweza, na wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa kweli. Oktoba 2023 Kenya nzima ilizungumzia kijana aliyedaiwa kujifanya wakili na kusimama mahakamani. Chama cha Mawakili cha nchi hiyo kilisema akaunti ya wakili halisi, mwenye jina linalokaribiana na la kijana huyo, iliingiliwa kwenye mfumo wa chama na picha ikabadilishwa. Mitandaoni walijitokeza hata waliomshangilia, ambalo ni somo la siku nyingine kuhusu jinsi watu walivyochoshwa na bei za mawakili.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kitu cha kwanza kwenye ukurasa wa wakili, juu ya picha na juu ya historia ya ofisi, kiwe jina lake kamili na namba yake ya uwakili, pamoja na maelezo ya namna ya kumhakiki. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambako mwananchi anaweza kumtafuta wakili na kuona kama yumo kwenye orodha na kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Hukumu nyingi zimewekwa bure kwenye TanzLII, na majina ya mawakili waliosimama yamo humo. Mfumo wa kuhakiki, hata hivyo, humsaidia zaidi mtu ambaye tayari ana jina mkononi. Mzee wetu hakuwa na jina. Alikuwa na wilaya na shida. Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho kipo tangu 1954, kingefanya jambo la maana kama kingeweka orodha nyepesi ya Kiswahili inayopangwa kwa wilaya na kwa aina ya shauri, na kuitangaza redioni mpaka wauza mboga wa Lukozi waikariri. Hilo lingewatoa mawakili wadogo kwenye woga, kwa sababu lingefanywa na chama chenyewe.

Na bei? Hapa tunajua tunagusa kidonda. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoeleza viwango, lakini ni mwananchi gani ameiona? Maoni ya ukurasa huu ni kwamba wakili aruhusiwe, tena ahimizwe, kutaja gharama ya kazi za kawaida: kusoma mkataba wa kurasa nne na kuueleza kwa Kiswahili, kuandika barua ya madai, kuandaa hati ya kiapo, kikao cha kwanza cha ushauri. Kesi nzima haiwezi kupigiwa bei kwenye simu, tunaelewa. Lakini mzee wa hoho hakuhitaji kesi nzima. Kabla ya kusaini alihitaji mtu wa kumweleza kwamba mkataba ule ulimpa mnunuzi haki ya kuukataa mzigo bila ushahidi wa mtu wa tatu. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Bei yake ingejulikana, angeilipa kwa tenga moja la hoho.

Wasioweza kulipa hata hiyo wasisahauliwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosajiliwa na kutoa huduma bila malipo. Wakili mwenye ukurasa akiweka mstari mmoja unaoeleza wanavyopatikana hatapoteza mteja, kwa kuwa wale hawakuwa wateja wake. Atakuwa amempokonya kishoka.

Neno la tahadhari kwa upande wa pili. Mteja anayempata wakili mtandaoni ataanza kumtumia mambo yake kwa simu: picha za hati ya shamba, cheti cha kifo, barua za mke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa wakili kama inavyomgusa mwenye benki. Ofisi ambayo simu moja ya WhatsApp inashikwa na karani, mpwa wa karani na kijana wa chai haijawa tayari kujitangaza.

Tulimuuliza wakili mmoja wa milimani kwa nini haonekani. Alicheka. Alisema ana ukurasa wa Facebook, lakini umejaa picha za harusi ya mdogo wake, na kwamba wateja wake huletwa na wateja wengine, kama zamani. Tukamweleza habari za mzee wa Malindi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza laki tatu zilichukuliwa na nani. Tulipomwelezea mtu huyo alivyo, akasema anamfahamu, huwa anamwona stendi kila asubuhi.

Mzee sasa amepata wakili, kwa njia ya shemeji wa karani wa Korogwe. Dai lake bado limo ndani ya miaka 6. Barua ya kwanza ya madai imekwenda Dar es Salaam na haijajibiwa. Hoho za msimu huu amezimaliza kuuza shambani, kwa fedha taslimu, kwa bei ya chini kuliko ile ya mkataba.